Jilfidan binti nani?

Kwetu kuna karatasi. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli, umekunjwa mara nne na unakaa ndani ya msahafu wa bibi yangu. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, karatasi hutolewa, akapewa maalimu, naye akasoma majina ya marehemu wetu ili tuwarehemu. Fulani bin fulani bin fulani. Fulani binti fulani. Majina yanateremka vizuri mpaka karibu na chini, na hapo kuna jina moja la mwanamke limesimama peke yake. Hana "binti". Jina lenyewe ni neno tu la Kiswahili, neno la heri, la aina walilokuwa wakipachikwa watu waliofikishwa pwani na mwenye nyumba asiulize kwao waliitwaje. Huyu ni bibi yake bibi yangu. Mimi ni kilembwe chake, na ukoo mzima haujawahi kunieleza habari zake zaidi ya hilo jina. Ukiuliza unaambiwa, "Mwanangu, hayo ya nini tena?"

Naanza na karatasi hii kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu ambacho wengi wetu tunadhani tunakijua: kumbukumbu za Salme binti Said, yaani Emily Ruete, zilizochapwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Memoiren einer arabischen Princessin. Safari hii sikumfuata Salme. Nilimfuata mama yake.

Kwa ambaye hajakisoma, niseme kwa ufupi. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, kisha akaenda Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo bado alikuwa akijifunza lugha yake. Mengine mnayajua: ugomvi wa mirathi, safari za kurudi Unguja mwaka 1885 na 1888 zisizozaa kitu, miaka mingi Beirut, na kifo chake mjini Jena mwaka 1924. Mji Mkongwe kuna makumbusho yenye jina lake. Hadithi yake imeandikiwa riwaya, imetembezwa na waongoza watalii, imekuwa ya mapenzi kila mtu anapotaka iwe ya mapenzi.

Lakini Salme mwenyewe anasema katika dibaji kwamba hakuanza kuandika kwa ajili yetu. Alianza miaka tisa kabla ya kuchapa, na alikuwa akiwaandikia watoto wake, ambao wakati huo hawakujua juu ya mama yao zaidi ya kwamba ni Mwarabu na ametoka Zanzibar. Alikuwa amechoka, mwili na roho, na hakutegemea kuishi mpaka wakue. Kwa hiyo kitabu hiki, kabla ya kuwa kitabu, kilikuwa karatasi ya ukoo. Kilikuwa kama ile iliyomo ndani ya msahafu wa bibi yangu, ila kirefu zaidi, na aliyekiandika alikuwa hai.

Ukikisoma hivyo mambo yanabadilika. Unaacha kuuliza kama Salme anasema kweli kuhusu Barghash na balozi wa Kiingereza, unaanza kuuliza swali ambalo mtoto angeuliza: mama, na mama yako wewe alikuwa nani?

Jibu lipo mapema kabisa, kwenye sura ya kwanza. Mama yake aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, mtoto wa wakulima. Walikuwa watoto watatu, yeye na kaka mmoja na dada mmoja. Vita vikaja. Familia ikajificha mahali chini ya ardhi, wavamizi wakaingia, baba na mama wakauawa, na watoto wakapakiwa juu ya farasi, kila mmoja na mpanda farasi wake. Wakaachanishwa njiani. Jilfidan hakuwahi tena kusikia habari za kaka wala dada yake. Alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa bado mdogo wa miaka saba au minane, na Salme anatupa kipimo cha umri huo ambacho hakuna mwandishi wa balozi wala karani wa forodha angekiandika: alifika akiwa na meno ya utoto, na la kwanza liling'okea nyumbani kwa Sultani.

Jino hilo limenikalia kichwani. Fikiria limepita njia gani hadi kufika kwetu. Mtoto wa miaka saba anang'oka jino katika nyumba ya watu asiowajua, katika nchi ambayo hajui lugha yake. Analikumbuka. Miaka ishirini baadaye anamhadithia binti yake, pengine usiku, pengine binti alipong'oka jino lake mwenyewe (hapa nabahatisha, lakini akina mama ndivyo tunavyohadithia). Binti anakua, anatoroka, anabadili dini na jina, mume anakufa, na karibu na umri wa miaka 33, mahali fulani katika baridi ya Ujerumani, analiandika lile jino kwa Kijerumani ili watoto wake walijue. Huo ndio mnyororo wote. Ungekatika popote, Jilfidan angekuwa nambari tu: mmoja kati ya masuria 75 ambao Salme anasema baba yake aliwaacha alipofariki.

Mbali na jino, Salme anatupa mama mwenye umbo. Hakuwa mzuri wa sura, anasema hivyo bila ya kuona haya, na mimi nampenda kwa hilo. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, macho meusi, nywele nyeusi zinazofika magotini. Alikuwa mpole, na kazi aliyoipenda ilikuwa kuwauguza watu. Popote palipokuwa na mgonjwa alionekana akienda na vitabu vyake vya dua. Alijua kusoma, jambo ambalo masuria wengi hawakulijua. Na sababu ya kujua ni ileile ya jino. Wengine walinunuliwa wakiwa wasichana wakubwa, yeye aliletwa akiwa mtoto, akalelewa pamoja na mabinti wa Sultani wa rika lake na kufundishwa nao. Yaani kile kilichomfanya awe bora kidogo kuliko wenzake ni kwamba aliibwa mapema zaidi. Salme haandiki sentensi hiyo. Anaweka mambo mawili kando kwa kando na kupita zake.

Hapa kuna jambo la ufundi la kumsifu mwandishi. Hamlilii mama yake. Hata kifo cha Jilfidan, kwa kipindupindu, karibu miaka mitatu baada ya kifo cha Seyyid Said, kimeandikwa kwa aya fupi. Usiku ule kulikuwa na joto, Salme akatandikiwa mkeka sakafuni akalala. Alipoamka alimkuta mama yake amelala miguuni pake, anaugulia. Alikuwa amekuja tangu usiku wa manane, kwa sababu alihisi maradhi yamempata na alitaka, kama ni kufa, afe karibu na mwanawe. Hakumwamsha. Salme alikuwa na miaka kama 15. Katika kitabu chote chenye majumba, farasi, dhahabu na mapinduzi, sijui mahali palipoandikwa vizuri kuliko hapo, na ni kwa sababu hakuna anachokiongeza.

Nimehesabu jambo jingine ambalo Salme halihesabu. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake haruhusiwi kuuzwa, na bwana akifa anakuwa huru. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Jilfidan alifariki kama 1859. Basi tangu siku alipopakiwa juu ya farasi mpaka siku aliyokuja kulala miguuni pa bintiye, alikuwa mtu huru kwa miaka isiyozidi mitatu.

Sasa tuje kwenye hadithi ya Sara, ambayo wachambuzi wengi huiruka. Sara alikuwa suria mwingine, Mcherkesi vilevile, na Salme anasema ametoka sehemu moja na Jilfidan. Sara alikuwa mama wa Majid na wa Khaduji. Wale wanawake wawili waliwekeana ahadi: atakayekufa kwanza, mwenzake awe mama kwa watoto wake. Sara akafa kwanza. Majid alipofikia umri wa kupewa nyumba yake, Jilfidan alihama Mtoni na kwenda kukaa naye mjini, Beit al-Watoro, pamoja na Salme mdogo, ili atimize ahadi.

Tafakari hiyo ahadi ni kitu gani. Ni wanawake wawili waliofutiwa koo zao, wanatengeneza ukoo mwingine kwa maneno matupu, bila ya kadhi na bila ya karatasi. Wakati huo Mtoni, kwa maelezo ya Salme mwenyewe, kulikuwa na Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, na watu wakikaa makundi makundi kwa asili zao. Nafikiri ahadi ile ilitolewa kwa lugha yao ya kwao, ambayo bila shaka watoto wao hawakuielewa vizuri.

Na ahadi ile ndiyo inayolifanya tukio kubwa la kisiasa la kitabu liume. Mwaka 1859 Barghash aliasi dhidi ya Majid, aliyekuwa Sultani. Salme, akishawishiwa na dada yake mpendwa Khole, akaingia upande wa Barghash na kuwa karani wa maasi, kwa kuwa alijua kuandika. Alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Tunapenda sana kisa hicho cha mfupa. Kinatajwa kila mahali kama ushindi wa mwanamke. Lakini angalia kazi ya kwanza kubwa ambayo kalamu ile ilifanya: kuandika barua za kumwangusha Majid, mtoto wa Sara, yule ambaye Jilfidan alikuwa amehamia mjini kwa ajili yake. Jilfidan alikuwa ameshafariki. Maasi yakashindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akamsamehe Salme. Yeye mwenyewe anajilaumu kwa kumsaliti Majid, na anayo haki ya kujilaumu. Hasemi kwamba amevunja pia neno la mama yake. Msomaji anayemfuata Jilfidan analiona hilo bila ya kuambiwa.

Mpaka hapa nimekisifu. Tatizo langu na kitabu liko kwenye sura ya utumwa.

Baada ya kurasa nyingi za kumbukumbu tamu za nyumbani, Salme anageuka na kuwahutubia Wazungu. Anawaambia hawauelewi utumwa wa Mashariki, kwamba mtumwa wa Unguja ana hali nafuu kuliko wanavyodhani, kwamba kuwaachia watu huru kwa ghafla kumeleta uvivu na hasara, na kwamba Mwafrika bila ya kusimamiwa hafanyi kazi. Anakiri njia ya msafara kutoka bara ina mateso, halafu anaeleza kwamba wenye msafara nao wanateseka. Ukisoma leo inakera. Na sioni kwamba ilikuwa haikeri wakati ule, maana aliandika baada ya mkataba wa 1873 kufunga soko la watumwa la Unguja, mjadala ukiwa wazi duniani.

Wengine humtetea kwamba alikuwa mtu wa zama zake, binti wa mfalme, amejibu kejeli za Wajerumani kwa kujivunia kila cha kwao. Utetezi huo una uzito kidogo. Mimi unanishinda kwa sababu moja tu, nayo iko ndani ya kitabu chenyewe: yeye ndiye aliyetuandikia kuhusu wale farasi. Anajua mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa na kupakiwa kama mzigo anakua vipi, maana mtoto huyo alimzaa. Alishika habari zote mkononi, akaziweka sura ya kwanza. Alipofika sura ya utumwa hakurudi nyuma kuziangalia. Kwake Jilfidan ni mama, na watumwa ni watu wengine.

Nini kimetenganisha? Kwa sehemu ni rangi. Salme anaeleza wazi ubaguzi uliokuwepo baina ya masuria wa Kicherkesi na wa Kihabeshi, na namna watoto wa Kihabeshi walivyowaita wenzao "paka" kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Lakini kwa sehemu kubwa, nafikiri, ni uandishi. Jilfidan alipata mtu wa kumwandika, na mtu ukishamwandika jino lake huwezi tena kumtia kwenye hesabu ya "wavivu". Wanawake waliobeba maji Mtoni, waliowakanda masuria miguu, waliomlea Salme, wanapita ndani ya kitabu bila majina. Wao nao waliletwa wakiwa watoto. Wao nao walikuwa na watu waliobaki nyuma. Mmoja wao angeweza kuwa yule wa kwenye karatasi yetu, kama si yeye basi mama yake, na hapo ndipo ninapoacha kuwa mchambuzi wa haki. Nikisoma sura ile nasoma mtu anamsema bibi yangu.

Mjini Hamburg walikutana na jambo hilihili kwa njia ya serikali ya mtaa. Mwaka 2019 walikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete. Haikupita muda watu wakaisoma ile sura, na jina likaamuliwa liondolewe. Sina ugomvi na uamuzi wao, kiwanja ni chao. Ila kung'oa kibao ni kazi rahisi. Kitabu chenyewe huwezi kukifanyia hivyo, kwa sababu ukikitupa unatupa na jino.

Niseme kidogo kuhusu matoleo, maana najua mtaniuliza. Tafsiri ya Kiingereza ya 1888 haina jina la mtafsiri, na ile ya Lionel Strachey ya 1907 imepunguza mambo. Toleo la E. van Donzel la 1993 ndilo la kitaalamu, na lina faida kubwa ya kuambatanisha barua ambazo Salme alimwandikia rafiki wa kwao bila ya kuzichapa maisha yake yote. Hati hizo zilihifadhiwa na mwanawe Rudolph Said-Ruete, na leo ziko Leiden. Barua hizo zinastahili makala yao peke yao. Katika kumbukumbu Salme ni binti mfalme, katika barua ni mjane mwenye baridi anayejifunza kupika viazi. Kisha kuna tafsiri mpya ya 2022, ya Andrea Emily Stumpf, ambaye ni kilembwe cha Salme. Amerudi kwenye Kijerumani cha bibi yake na kukitafsiri upya chote, akitaka sauti isikike ilivyo.

Kilembwe! Niliposoma neno hilo nilicheka kidogo. Yeye na mimi tuko hatua ileile. Kila mmoja wetu ana mama yake, bibi yake, mama wa bibi, na bibi wa bibi. Yeye akipanda ngazi hiyo anakuta kitabu, barua, picha za studio za Hamburg na sanduku zima la hati Leiden. Mimi nikipanda nakuta neno moja. Sisemi kwa wivu, au nasema kwa wivu kidogo. Kazi yake ni ya heshima. Lakini akipanda ngazi moja tu zaidi, kwa Jilfidan, sanduku linafungika ghafla na yeye anakuwa kama mimi. Kitabu hakitaji jina la baba yake Jilfidan, wala la mama yake, wala la kijiji. Salme ni binti Said, mbele ya kila kadhi. Jilfidan ni binti nani?

Tatizo si la pwani kukosa wanawake wenye kalamu, tusijidanganye. Mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya Jilfidan kufariki, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake Mwana Hashima ule utendi tunaoujua wote. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyempinga Seyyid Said kwa miaka. Mama mgonjwa anamwandikia binti, na binti anahifadhi. Ni kioo cha kitabu cha Salme, ila huko mama ndiye anayeshika kalamu. Na wote wawili walikuwa watu wa nyumba kubwa.

Walio nje ya nyumba kubwa wamepatikana kwa njia nyingine: kwa kuulizwa wakiwa hai. Wanawake Watatu wa Kiswahili, kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotokana na mazungumzo yaliyorekodiwa Mombasa miaka ya 1970, kinamweka Bi Kaje, ambaye ukoo wake ulimiliki watumwa, kando ya Mishi wa Abdala, ambaye ukoo wake ulitoka utumwani. Kisome pamoja na Salme. Bi Kaje anazungumza juu ya watumwa wa kwao kwa mapenzi ya kweli, anawakumbuka kwa majina, na bado ni mapenzi ya mwenye nyumba. Halafu unafungua ukurasa, anaingia Mishi, na ngoma zilezile na harusi zilezile zinaonekana kutoka upande wa pili wa uwa. Hilo ndilo kumbukumbu za Salme hazina na haziwezi kuwa nalo. Lakini Mishi alipatikana kwa sababu kuna mtu alikwenda na kinasa sauti kabla hajafariki.

Kwetu kinasa sauti hakikuja. Utumwa Unguja ulifutwa kwa amri ya 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kwa hiyo aliyezaliwa kwenye miaka ya 1930, kama bibi yangu, ameshikwa na mikono iliyokuwa ya mtu wa milki ya mtu. Ni karibu hivyo. Na ndiyo maana hawasemi. Mtu huyo amezaa watu, watu wameolewa, wamepata majina ya wengine, na sasa mjukuu mmoja aliyesoma vitabu anataka kuchokonoa. Naielewa hofu yao, siicheki. Ila nimeona pia kinachotokea ukoo ukinyamaza: neno linabaki peke yake kwenye karatasi, maalimu analisoma harakaharaka, na kila mwaka sauti yake inashuka akifika hapo, kama mtu aliyekosea.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mdogo wake bibi, ambaye sasa ni mtu mzima sana na macho hayamsaidii. Nilimpa shikamoo, tukakaa barazani. Safari hii sikumuuliza yule mwanamke alitoka wapi wala alikuwa nani. Nimejifunza kwa Salme. Nilimuuliza kama bibi yake alikuwa na meno.

Alicheka mpaka akakohoa. "Alikuwa nayo yote," akasema. "Ila alikuwa hali papa. Hata wakipika nyumba nzima, yeye anakwenda kukaa nje, anatafuna muhogo wa kuchoma mpaka harufu iishe. Tulikuwa watoto tunamkimbilia na kipande cha papa kumtania, anatufukuza na mwiko."

Nikauliza alikuwa akisema nini akitufukuza, maana nilikwishajihesabu mmoja wao. Akanyamaza. Kisha akalitamka neno moja ambalo si la Kiswahili, akalirudia taratibu ili alisikie mwenyewe, na akasema hajui maana yake, walidhani ni tusi. Nimeliandika nyuma ya karatasi, kwa penseli, kama nilivyolisikia, na chini yake nimeandika: hali papa.